Injini Iliyooshwa kwa Ajili ya Mgeni

Gari la mama lilizimika kwenye mlima wa Kabeza, hapa Kigali, keki ya harusi ikiwa kwenye kiti cha nyuma. Gereji ya wakala aliyetuuzia, pale Remera, walisema injini imekufa: oili ilivuja yote, vyuma vikasagana. Garantii ilikuwa imekwisha muda mfupi tu kabla. Bila gari mama hawezi kusambaza keki, na keki ndizo zinazotulisha. Mimi nina digrii, kazi bado.

Nilisoma mtandaoni kwamba kiwanda huweza kuchangia matengenezo hata baada ya garantii, ikithibitika kasoro ni yao. Nikawaandikia barua pepe, nikaisoma mpaka maneno yakapoteza maana. "Tunaomba" ilisikika kama omba-omba. "Tunadai" kama vita. Nikaweka "tungeshukuru", kisha nikaanza kuhofia kwamba mtu anayeshukuru mapema haonekani ameumia.

Walijibu. Mtaalamu wao angekuja kutoka Nairobi kulikagua gari pale gereji. Hadi siku hiyo likae kwetu kama lilivyo. Nikamwonya mama: fundi yeyote asifungue boneti, yeye asijaribu kuliendesha, na majirani wasiambiwe kitu. Nilidhani nimewaza kila kitu.

Siku ya ukaguzi nilitangulia Remera. Gari likaja juu ya lori la kuvutia magari, mama kando ya dereva, amevaa kitenge cha kanisani. Mtaalamu akafungua boneti. Injini iling'aa kama sufuria mpya.

"Nani ameosha hii?"

"Mimi mwenyewe," mama akasema kwa fahari. "Kwa brashi na sabuni ya vyombo. Karibu sana Kigali."

"Mama, nilitaka kuona oili ilivujia wapi. Kama ni sili yetu ya kuzuia oili ina kasoro, ama ni mtu hakukaza kitu. Sasa sioni chochote."

"Ilikuwa matope matupu, baba! Ungekwenda kusema nini kwenu? Kwamba mama huyu ni mchafu?"

"Ningesema oili ilivujia wapi, mama."

Nikamvuta pembeni. "Nilikwambia isiguswe!"

"Uliniambia fundi asiguse. Mimi ni fundi?"

Alisema kweli, na hilo liliniudhi kuliko yote. Katika mji huu hata barabara hufagiwa kabla watu hawajaamka. Nani angempokea mgeni na uchafu? Lakini gereji walijua kwamba uchafu ule ndio ushahidi wetu. Walishindwa nini kutuambia tusioshe?

Jibu la kiwanda lilikuwa la adabu sana. Chanzo hakikuthibitika, ila kwa kutujali wangelipia kazi ya mafundi. Injini tununue wenyewe.

Mama akapiga makofi. "Umeona? Wamekubali!"

"Wamekataa, mama. Injini ndiyo gharama yenyewe."

"Ah, wewe hujui kupokea. Waandikie asante."

Nikaandika asante, nimeuma meno.

Injini hatujainunua. Jumamosi mama hukodi teksi hadi kumbi za harusi za Kibagabaga, keki mapajani, akimgombeza dereva kwenye kila tuta, na faida karibu yote inabaki kwa dereva huyo. Juzi aliniuliza kama ile ahadi ya kulipia mafundi ina mwisho wake. Nimeshawauliza kiwanda, tena mara kadhaa. Hawajibu.