Nilivyofunga maiki kwenye CCTV ya mama Machame, nikasikia kumbe nimeshagawa kihamba

Wakuu, heshima kwenu. Ninayoandika ni ya kweli kabisa. Ningekuwa natunga ningejipa nafasi nzuri kuliko hii.

Mimi ni Mchagga wa Machame, naishi Dar, ni mtoto wa kiume wa mwisho kwetu. Wanaojua mila zetu wameshaelewa: huyo ndiye anayeachiwa nyumba ya wazazi na kihamba, lile shamba la ukoo lenye migomba na kahawa.

Mzee alishatangulia. Kihamba kilikuwa kinanisubiri, na mimi nilikuwa nasubiri kwa adabu.

Kipande cha kando ya barabara nilishakipangia kabisa. Vyumba vya wageni, watalii wakishuka mlimani wapate pa kulala. Ramani ninayo kwenye simu hadi leo.

Pale nyumbani yupo mama na dada yangu Aika, aliyerudi na watoto wake baada ya ndoa kumshinda.

Mwaka jana mikungu ya ndizi ikaanza kuibiwa, nikamleta fundi kutoka Njoro akafunga kamera. Picha safi, sauti hakuna.

Niseme ukweli, wezi walikuwa kisingizio tu. Zamani nilikuwa nampigia mama kila Jumapili akitoka kanisani. Kamera zilipofungwa nikaona simu za nini tena, si namwona anachambua maharage yake, mzima wa afya? Kazini nikawa natamba kwamba namtunza mama kwa teknolojia.

Kuna kipindi akaanza kusimama chini ya kamera ya baraza kila asubuhi. Uso juu, midomo inatembea. Nikajua anasali. Wazee wetu wanasali sana, nikanywa chai nikaenda kazini.

Jumamosi moja nafungua app, baraza limejaa. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, yupo na wazee wenzake, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka. Wakashuka migombani, wakarudi na udongo mikononi. Halafu mama akanyoosha kidole kwenye kamera, wote wakageuka, wakanipigia makofi.

Mimi niko Mbezi na bukta, napigiwa makofi na ukoo mzima sijui kwa lipi.

Mtu mwenye akili angempigia mama yake simu. Mimi nikampigia fundi.

Nilitaka kusikia wanasema nini bila kuonekana sijui mambo ya kwetu. Fundi akaja na maiki ndogo ya nje, akaifunga barazani, waya ukaenda hadi kwenye tundu la sauti nyuma ya DVR, kile kisanduku kinachorekodi picha, kisha akaingia kwenye menu akawasha audio. Hapo msikosee wakuu, ukisahau hiyo setting utarekodi ukimya wa HD.

Mama aliambiwa ni service ya kawaida.

Mwanzoni nikasikia jogoo, ng'ombe, mvua kwenye bati. Nikaanza kujuta hela yangu. Ndipo akaja jirani yetu, Mama Elia, wakakaa barazani. Walikuwa wanaongea Kimachame, nawatafsiria.

"Amempa dada yake eneo lote la barabarani," mama akasema. "Nilimweleza pale kwenye kamera kila asubuhi. Nikamwambia, kama hutaki, piga simu. Hakupiga."

Mama Elia akasema hajawahi kuona kijana wa kiume mwenye moyo kama wangu.

Kwa wasiojua, mpaka wa shamba kwetu ni masale, ile mimea yenye majani marefu membamba. Yakishapandwa mbele ya wazee hayang'olewi. Hati unaweza kuipinga mahakamani, lakini masale utaenda kumshitaki nani?

Kesho yake niko kwenye basi. Nikashuka Kwa Sadala, nikapanda bodaboda hadi nyumbani nikiwa na hotuba kichwani.

Masale yamesimama mstari mmoja, yameshashika. Vyumba vyangu vyote viko upande wa pili.

Nikamwamkia baba mdogo, shikamoo, marahaba, nikaanza kusema kuna jambo halijakaa sawa. Hakunisubiri. Akaniambia ukoo mzima unanitolea mfano, na kwamba hata kanisani nimetajwa. Hotuba ikaniishia mdomoni.

Akaja Aika, ametoka kulima kwake. Dada yangu si mtu wa maneno.

"Kila mama akikohoa nilikuwa nawaza wanangu nitawapeleka wapi," akasema. "Sasa nalala."

Ramani iko mfukoni. Nikamwambia usijali dada. Wakuu, sijawahi kuona aibu kama ile, kushukuriwa kwa jambo ambalo ningeulizwa ningekataa.

Jioni nikamfuata mama jikoni anamenya ndizi. Nikamwambia zile kamera zilikuwa hazina sauti, sikusikia hata neno moja.

"Najua," akasema. "Fundi aliniambia siku ile ile ya kwanza."

Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa anaongea nazo.

"Kusikia ulikuwa husikii, lakini kuona ulikuwa unaona. Mama yako anasimama kila asubuhi anaongea na ukuta, na hukupiga hata kuuliza kama nimechanganyikiwa."

Akaendelea kumenya. Mimi nikachukua kisu nikamsaidia.

Funzo langu: kama umefunga kamera kwa wazazi, funga na maiki. Au piga simu, ni rahisi zaidi na haikugharimu shamba.

Wenye uzoefu wa maiki za nje zisizoingiza upepo, nisaidieni. Mliokuja kunicheka pia karibuni, nafasi zipo.

Siku hizi nampigia kila jioni. Jana simu iliita hadi ikakata. Nikapiga tena huku nafungua app. Yuko barazani, simu mkononi, anaiangalia inaita tena, anamwambia Aika, "Mwache kwanza. Anajifunza."