Siku Kerneli Iliponiumbua Mbele ya Mama Kabula

Jamani, mpaka leo nikipita karibu na kile kiwanda cha samaki navuta kofia hadi puani. Mkicheka chekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka nikiwa bafuni peke yangu najisonya.

Ilikuwa hivi. Niliwatengenezea programu ya mizani, samaki akipimwa, uzito unatokea kwenye televisheni kubwa, wavuvi na wachuuzi wote wanaona, hakuna kuibiana. Sasa programu ikaanza kuganda, tena inaganda sangara wakiwa juu ya mizani, barafu inayeyuka, watu wanapiga kelele, mpaka mwenye kiwanda, Mama Kabula, akaniambia wazi: "Kijana, leo unionyeshe inagandia wapi. Ukinionyesha, nakuajiri. Ukishindwa, tunarudi kwenye kalamu na karatasi, na wewe unarudi kwenu." Na mimi nimechoka vibarua, ajira ile naitaka kuliko chakula.

Basi nikaingia kwenye kerneli (kile kiini cha mfumo wa kompyuta kinachoziendesha programu zote), nikatega mtego humo ndani: programu ikiganda tu, kerneli inainasa palepale na kuandika ilikuwa kwenye kazi gani, yaani kipande gani cha programu, kazi hiyo iliitwa na ipi, na hiyo nayo iliitwa na ipi, mpaka mwanzo. Kwa kawaida zinatoka namba tupu, ningeziacha hivyohivyo leo ningekuwa na ofisi yangu. Ila sifa! Nikawasha majina badala ya namba, nikayaelekeza kwenye ile televisheni, ili Mama aone kijana wa mtaa wa Mabatini anajua kazi.

(Nilichosahau ni kwamba majina ya kazi zile niliyapachika mwenyewe, siku ambazo Mama alikuwa kanikera.)

Mizani ikaganda. Televisheni ikaandika, herufi kubwa kama kibao cha duka la dawa:

mngoje_mama_kisirani

Mama Kabula akavaa miwani. "Huyu Mama Kisirani ndiye nani?"

"Ni... ni jina la kitaalamu, mama, shikamoo." (Nilishamwamkia asubuhi!)

Ukashuka mstari wa pili: mama_kisirani_kabadili_bei_tena. Wa tatu: kisirani_hashibi_simu.

"Na huyu asiyeshiba simu, naye ni mtaalamu?"

Mchuuzi mmoja akaangusha ndoo kwa kicheko. Nikaifunga programu haraka. Wapi! Mtego uko ndani ya kerneli, programu imeshakufa lakini majina yapo palepale yanang'aa. Nikaiwasha upya, ikaganda tena, majina yakajiandika mara ya pili. Nikaurukia waya wa televisheni, nikateleza kwenye maji ya barafu, nikakaa kitako juu ya kreti la sangara.

Mama hakucheka. Kumbe alikuwa anasoma kwa makini kuliko mimi. "Kwa hiyo mizani inaganda kwa sababu inanisubiri niidhinishe bei, na mimi niko kwenye simu?"

"Ndiyo, mama."

"Iondoe hiyo ruhusa yangu."

Nikaiondoa, nimelowa makalio. Mizani ikapima bila kuganda, watu wakashangilia, nikajua nimepona, nikasimama wima kungoja ajira yangu.

"Kazi yako nimeikubali," akasema, akivua miwani. "Wewe ndiye sijakukubali. Pitia mlango wa nyuma, huku mbele kuna wateja."

Tangu siku hiyo kila kazi ninayoiandika naipa jina ninaloweza kulisoma kwa sauti mbele ya mwenye mali, na nikikasirika nafunga kompyuta, naenda zangu kutupa mawe ziwani.