Lango Lililofunguka Haraka

Siku tuliyoonyesha filamu yangu mjini Meru sikukaa kitako hata dakika mbili. Nilikagua nyaya ambazo fundi wa projekta alikuwa ameshazikagua, nikafunga dirisha, nikalifungua tena kwa sababu ukumbi ulikuwa unachemka. Dada yangu mkubwa alikaa safu ya tatu, koti mwilini na kibeti mapajani, kama mtu wa kuondoka saa yoyote. Asubuhi, alipofika kutoka Embu, aliniambia, "Nitaiangalia. Lakini nikitoka kabla iishe, usinifuate. Na ile mchezo ya jukwaa utafute mwingine wa kuimba."

Ndilo lililonikosesha raha. Watu kuichukia filamu ningemeza. Kufanya kazi bila dada sikuweza hata kufikiria.

Mchezo wenyewe tuliutunga sisi wawili, mimi niliye mwalimu maneno, yeye nyimbo. Kijana wa Embu anamchumbia binti wa mkulima wa miraa kule Laare, na karibu wote unaimbwa. Kwa miaka tumeucheza katika kumbi za makanisa na shule, na kinachowaleta watu ni wimbo wa lango. Kwetu wageni wa posa hawaingii hivi hivi. Wanasimama nje wakiimba kuomba mlango, na kina mama wa nyumbani wanawajibu kutoka ndani, wanawatania, wanawauliza wametoka wapi na kama wameoga, mpaka waridhike. Basi nasi tulikuwa tukitoka nje ya ukumbi, mlango unafungwa, na watazamaji wanakuwa ndio watu wa msichana. Dada alituongoza sisi wa nje. Kule Dallas, mtaani kwake Embu, majirani zake walituweka kwenye mvua mpaka viatu vikajaa maji, naye akabuni ubeti baada ya ubeti huku akicheka.

Kisha nikashikwa na tamaa ya filamu. Tulirekodi Laare kwenyewe, lango la chuma la kweli, kamera ikiruka juu ya miraa. Mhariri akaniambia hakuna mtu atakayevumilia kutazama lango lililofungwa. Nikakubali upesi, tena nikajiona mjanja. Wimbo wa dada ukabaki ubeti mmoja. Sikumwuliza. Alipojua, alisema kwenye simu kwamba ana nguo ya mteja ya kumalizia, akakata.

Ukumbini walijaa kina mama wa soko la Gakoromone waliofunga biashara zao mapema. Mwanzoni walitazama kwa adabu. Lango lilipotokea, wakajiweka sawa vitini. Sauti ya dada ikaimba ubeti wake, wakavuta pumzi kujibu, na lango likafunguka. Wageni wakaingia wakitabasamu.

"Ai! Tayari?" akauliza muuza viazi mmoja wa safu ya mbele. "Kwani huyo msichana hana watu?"

"Amepeanwa kama nyongeza ya viazi!" mwenzake akadakia.

Kicheko kikaenea mpaka nyuma. Mwingine akasimama kabisa, akanitafuta kwa macho. "Mwalimu, rudisha nyuma! Hiyo geti sisi hatujafungua!"

Fundi alinitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Akarudisha, akaisimamisha picha lango likiwa bado limefungwa. Kina mama wakaimba jibu lao lote, wakawauliza wageni wametoka wapi, wakangoja. Picha ilikuwa imeganda. Wakauliza mara ya pili.

"Hawa wageni ni bubu?" muuza viazi akasema, na ukumbi mzima ukacheka tena.

Niliomba umeme upotee, huo umeme wetu unaopotea usipoombwa, na siku hiyo ukakaa imara. Hapo ndipo dada aliposimama. Akatundika kibeti begani, akapita mbele yangu bila kunitazama, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.

Nilishika ukingo wa meza ya fundi. Miguu ilitaka kumfuata nami nikaikatalia, kwa kuwa ndivyo tulivyokubaliana. Nilimchukia mhariri, nikaichukia ile kamera ya kuruka, nikajichukia mwenyewe kuliko vyote.

Kisha tukamsikia kutoka nje. Alikuwa anaimba kuomba mlango.

Kina mama waligeuka. Viti vikakwaruza sakafu, safu baada ya safu, mpaka wote wakawa wameupa mlango uso na filamu mgongo. Wakamkatalia. Akaongeza ubeti. Wakamuuliza mbona kijana wake ana haraka namna hiyo, kwani anafukuzwa na nani? Akawajibu kwamba huyo ni mdogo wake, walimlea vizuri tu nyumbani, haraka aliiokota kwa watu, na kama watamvumilia, yeye pia atajaribu kumvumilia.

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Nilifurahi, na papo hapo nikaumia, maana hakubaki hata mtu mmoja aliyeitazama filamu yangu. Fundi akaninong'oneza, "Mwalimu, niendelee saa ngapi?"

Nikamwambia azime. Mwanga ulipotoka ukutani, hakuna aliyegeuka kuuliza kulikoni.