Maji Yenye Harufu ya Moshi

Mwaka ule redio ilipotuambia tuchemshe maji ya kunywa, baba alichaguliwa mwenyekiti wa kundi la kusikiliza. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba redio ilikuwa ya kwake. Kila wiki majirani walikusanyika uani kwetu, karibu na Magamba, wakasikiliza mambo ya choo, nyasi na mbu, kisha wakabishana mpaka jua likapoa. Betri zikichoka tulizianika juani pamoja na mihogo.

Baba hakufanya mzaha. Kichaka cha nyuma ya jikoni kilifyekwa, choo kikachimbwa, na kazi ya kuchemsha maji nikapewa mimi, binti yake mkubwa, mwenye miaka kumi na uvivu wa mtu mzima.

Watu hudhani kuchemsha maji ni kuwasha kiberiti tu. Kulikuwa na kuni za ziada za kutafuta, kusubiri yachemke, kusubiri yapoe, na muda wote huo nasikia wenzangu nje wakicheza rede. Tena yakishachemka yananuka moshi. Bibi mzaa baba, aliyekuwa akiishi nasi, aliyaonja siku moja akayatema, akasema hayo ni maji ya kuogeshea maiti. Akawa anakwenda kisimani na kibuyu chake mwenyewe. Mama alimwomba tu asimpe maji ya kibuyu mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Harufu ile ya moshi ndiyo iliyonifungua akili. Kila jioni baba aliyapima maji kwa kuyaonja. Alichota kikombe cha bati, akafumba macho, akayazungusha mdomoni, akameza, na akiisikia harufu ya moshi alitoa hukumu: "Haya yamechemka." Basi nikagundua kwamba ukizamisha kijinga cha moto kwenye mtungi wa maji ya kisimani, kitalia chwii, na moshi utabaki mlemle. Nikachuja masizi kwa kitambaa, nikaenda kucheza rede. Siwezi kusema maji yale hayakuona moto. Yaliuona, ila mara moja tu.

Jioni baba akafumba macho, akameza, akasema yamechemka. Wiki iliyofuata alinisimamisha mbele ya kundi zima niwe mfano kwa mabinti wengine, na nikapigiwa makofi. Sikuona haya hata kidogo. Bibi naye akaacha kibuyu chake, akaanza kunywa maji ya mtungi wetu. Baba alifurahi mno, akasema hata wazee sasa wanaelimika.

Halafu mdogo wangu akaanza kuhara. Siku ya pili macho yalikuwa yameingia ndani, analia bila machozi. Baba akawapakia mama na mtoto kwenye baiskeli, wakaenda hospitali mjini. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nilikaa jikoni nikichemsha maji ambayo hakuna aliyeyahitaji, sufuria baada ya sufuria, huku nikimwahidi Mungu kila nilichokuwa nacho, pamoja na mpira wangu wa rede.

Walirudi siku ya nne. Mtoto alikuwa mzima, mwepesi wa kubebwa kwa mkono mmoja. Mganga alikuwa amewauliza habari za maji, na mama alijibu kwamba kwetu yanachemshwa kila siku. Sasa ugonjwa ulitoka wapi? Mama akakumbuka kibuyu cha bibi. Alisema ni lazima bibi alikirudia kwa siri akamnywesha mtoto. Bibi hakubisha. Baba akaamua kwamba mama yake aende akakae Mpimbwe kwa baba mdogo mpaka mtoto akomae kidogo.

Bibi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja tangu nilipoachishwa ziwa. Nilijua kwamba neno langu moja lingemzuia asiondoke, na sikulisema. Kijinga kile siku hizi nakicheka, lakini ukimya ule nauonea aibu mpaka leo.

Siku ya kundi bibi alikuwa ameshafunga mzigo wake. Redio ilipozimwa, baba alisimama akawaeleza majirani habari za mzee mmoja mbishi, ambaye hakumtaja, aliyemponza mjukuu wake kwa maji ya kisimani. Kila mtu alimtazama bibi. Bibi alitingisha kichwa kwa masikitiko, utadhani anasikia habari za kijiji kingine. Hapo nikashindwa. Nikasimama nikasema ni mimi, maji ya mtungi hayakuchemshwa, nilikuwa nazamisha kijinga tu ili yanuke moshi.

Kisha jirani yetu, mzee aliyependa kuuliza maswali, akamgeukia baba taratibu.

"Mwenyekiti, si wewe ulikuwa unayaonja?"

Baba akajishughulisha na waya wa redio. Mama alikuwa ameshakwenda kupiga magoti mbele ya bibi kumwomba msamaha, machozi yanamtoka, na kwa kuwa bibi alikuwa mtu wa haki, hakukubali.

"Usinipigie magoti, mwanangu. Mimi niliyaonja siku ya kwanza ya hicho kijinga, nikasikia ladha ya kisima chini ya moshi, nikajua hayajachemka. Nikanyamaza kwa sababu yalikuwa matamu."

Mama akainuka. Alitutazama sisi watatu mmoja mmoja, mama mkwe, mume na binti, huku mtoto amelala mgongoni kwake. Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akaubeba mtungi mpaka chumbani kwake, na tangu siku hiyo aliyetaka maji ya kunywa alibisha hodi akaomba, mwenyekiti akiwemo.