Tunachungana

Kule Kitengela ukimuulizia Wayua msusi, watu watakwambia ufuate vicheko. Homa ya uti wa mgongo ilimpofusha akiwa msichana, lakini vidole vyake havikosi mstari. Na hapo miguuni pake, kutwa, alikuwa bintiye Mbithe, wa miaka mitano, mwenye mdomo kuliko wateja wote.

"Mama, huyu auntie ako na mvi huku nyuma!"

"Nyamaza wewe! Utanifukuzia watu."

"Kwani hapa nani anachunga mwenzake?" mteja huuliza.

"Tunachungana," Wayua hujibu, na kibanda kizima huangua kicheko.

Sasa, babake mtoto, Njuguna, aliondoka Mbithe akinyonya. Akahamia Embulbul, akaoa mke anayeona. Mwaka huu ndipo akakumbuka kwamba ana mtoto, akaenda kortini Kajiado kumdai.

Wayua hakutishika. Beverlyne, fundi cherehani wa kibanda cha pili, alimwambia, "Wewe sema ukweli tu, dada. Ukweli hauna kona."

Basi akausema. Hakimu alikuwa mama mwenye sauti ya upole. "Mama Mbithe, pale nyumbani nani humwangalia mtoto?"

Wayua akatabasamu. "Tunachungana, mheshimiwa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Wakili wa Njuguna akainuka. "Mtoto anakuchunga vipi?"

"Maziwa yakifura, ananiita. Tukivuka barabara, ananishika mkono. Ako na akili sana huyo."

Alikuwa akijivuna, jamani. Kwao Ukambani, mtoto anayeitika akitumwa ni sifa ya mamake. Lakini kila sifa aliyoitoa, wakili aliipokea kama kosa.

"Kwa hivyo mtoto wa miaka mitano ndiye macho yako?"

"Ndiyo," akasema Wayua, na neno hilo alilisema kwa mapenzi.

Siku ya uamuzi, hakimu alisema hana shaka mama huyu anampenda mwanawe. Ila mtoto hakuzaliwa ili awe mlinzi wa mzazi wake. Mbithe aende kwa babake. Mama amwone Jumamosi moja kila mwezi. Hakuna aliyeuliza kama mama angeweza kupata msaidizi. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyekuwa akimvusha barabara kabla Mbithe hajazaliwa.

Nje, Njuguna alikuwa ameshafungua gari. Mbithe akang'ang'ania sketi ya mamake.

"Mama, na wewe nani atakupeleka stage ya matatu?"

Wayua alitaka kumwambia, niko na fimbo yangu, nilitembea nayo miaka mingi kabla yako. Lakini Njuguna alikuwa pale pale, anasikiliza, na lolote angeweza kulirudisha kortini. Akisema ana fimbo, si watauliza mbona alimshika mtoto mkono? Akisema hana mtu, si ndiyo watasema, mnaona? Alilipima kila neno, na kila neno lilikuwa na mtego.

"Mama, si nakuuliza?"

Mbithe akaivuta ile sketi tena.

"Umenikasirikia?"

"Twende, Mbithe," Njuguna akasema.

Vidole vidogo vikabanduliwa sketini kimoja kimoja. Mtoto akaita tena, mara hii kwa kilio, na mlango wa gari ukabamizwa Wayua angali anachagua la kumjibu.