Nywele Ambazo Hazijaota

Msusi yule walimwita Vidole, na vidole kweli alikuwa navyo. Akili ya biashara ndiyo ilikuwa imekwenda matembezini. Alitaka mashine ya kukaushia nywele, ile ya kofia kubwa, basi akatangaza: lipa leo nusu bei, usukwe kila mwezi mwaka mzima. Wanawake wa mtaani wakamiminika. Vidole akanunua mashine, akanunua na kochi jekundu, akacheza peke yake mbele ya kioo mpaka jasho likamtoka.

Mwezi wa pili vichwa vikaja, hela hazikuja. Mafuta akakopa, rasta akakopa. Hata hivyo roho yake ilikuwa kwatu, maana mchumba wake, fundi wa lifti, alikuwa amepata kazi mji mwingine, na harusi ilikuwa Jumamosi. Waoane, wapande basi, waanze maisha! Kilichobaki ni kuwaambia wateja.

"Uende wapi?" aliruka mteja mmoja, mshona nguo, povu la shampuu likimtiririka shingoni. "Na hela ya kichwa changu umeshaila!"

"Na changu!" wakadakia wengine.

"Jamani, basi niwasuke miezi yote wiki hii, tumalizane."

"Ziambie kwanza nywele ziote haraka!"

Hapo ndipo Vidole alipong'amua kwamba aliuza nywele ambazo hazijaota. Aliona aibu, kisha akaangua kicheko, nao wakacheka mpaka wakashikana mabega, lakini hakuna aliyesamehe. Akauza mashine, akauza kochi, akawarudishia watu hela zao. Ijumaa jioni akabaki mteja mmoja, na mfukoni hamna kitu. Mteja mwenyewe ni mama mkwe mtarajiwa.

"Mama, nivumilie kidogo, nitakutumia."

"Sitaki hela, mwanangu. Nataka kusukwa." Akajipapasa kichwa. "Nyinyi nendeni salama. Nitakuwa nawafuata huko huko kila mwezi. Na kusukwa kunachosha, kwa hiyo nitalala siku mbili tatu."

Bwana harusi, aliyekuja kubeba mabegi, akayatua chini. Akachomoa pochi mbio mbio.

"Mama, imebaki kiasi gani? Nilipe mimi, sasa hivi."

"Ulipe nini tena?" Mama akajitazama kwenye kioo, akajipenda. "Mimi nilishalipa."