Kibuyu cha Kogo Nyumba ya Makumbusho

Nyinyi hucheka habari za wengine, basi leo nichekeni mimi, maana sijasikia mwanamke mwingine wa hapa Merigi aliyeshikwa na askari mbele ya wazungu kwa kuiba kibuyu chake mwenyewe, na nikikumbuka mpaka leo masikio yanapata moto.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Bwana wangu, Baba Chebet, alikuwa na likizo ya kiwanda cha majani chai, na ndugu yake Kiprono alikuwa anarudi kutoka Ulaya, alikosoma miaka mitano, ndege ifike Nairobi jioni. Mama yao, ambaye sote tulimwita Kogo, yaani nyanya, hakuweza safari kwa sababu ya magoti, kwa hivyo akanikabidhi mimi kibuyu cha mursik, maziwa yaliyolala na mkaa mpaka yakaiva, akanishika mkono.

"Mdomo wa kwanza uwe wa mtoto wangu. Asionje mtu kabla yake."

Nikaapa, na kuapa mbele ya mama mkwe si mchezo, mnajua wenyewe.

Tukapanda gari la moshi Kipkelion, tukafika Nairobi asubuhi na siku nzima iko mbele yetu, na Baba Chebet (alikuwa amevaa koti la kuazima na anatembea kama ni lake) akasema hatuwezi kukaa stesheni kama magunia, twende nyumba ya makumbusho, Chebet wetu aone wanyama. Mlangoni palikuwa na meza ya kuacha mizigo, na hapo ndipo nilipojiharibia, kwa sababu nilijiuliza, niache maziwa ya Kogo kwa mtu ambaye sijui mikono yake imeshika nini? Nikafunga koti langu juu ya kibuyu, nikaingia kama mwenye mimba ya miezi minane.

Jamani, yale niliyoyaona ndani. Ndege wa kila rangi, hata sikujua Mungu aliumba wengi hivyo, kila mmoja kwenye kijiti chake na macho wazi, na hakuna hata mmoja aliye hai. Mifupa ya ndovu imesimama wima, mtu unapita chini ya mbavu bila kuinama. Samaki aliyegeuka jiwe na magamba yake yote yanahesabika. Nilijikuta nanong'ona kama niko kanisani, viatu vilivyonibana tangu Kipkelion nikavisahau kabisa. Halafu tukaingia chumba cha vitu vya makabila, na nyuma ya kamba nyekundu, juu ya rafu pana, nikaona vibuyu vitano vya maziwa, na mifuniko yao na mikanda ya ngozi, vya kwetu kabisa. Vitu vya jikoni mwa Kogo, vimewekewa kamba na karatasi ya maelezo kama vya mfalme! Machozi yalinitoka, siwafichi.

Hapo Chebet, aliyekuwa ametangulia chumba cha pili, akakutana na chui aliyejazwa majani na akapiga nduru ya kupasua paa. Nilihitaji mikono yote miwili. Sasa, kwetu maziwa hayawekwi chini pahali miguu ya watu inapita, kibuyu kinatundikwa au kinakaa na wenzake, basi mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukakipanga pale kwenye rafu, nikakimbia.

Niliporudi, mtoto akiwa mgongoni, wazungu kama kumi walikuwa wamesimama pale wakiandika kwenye vitabu vidogo. Chetu nilikijua, kina ufa ulioshonwa na Kogo. Nikaruka kamba, nikakichukua, nikaanza kufunga koti.

"Mama, rudisha hiyo kitu," askari akasema. "Hiyo ni mali ya serikali."

"Ni yangu. Nimekuja nayo."

"Yako namna gani? Hizi zimekaa hapa tangu mkoloni. Na koti ndiyo hiyo ya kuficha."

Nikamwita Baba Chebet. Mwanamume alikuwa anaangalia mwewe mmoja kwa bidii sana, kama mtu ambaye hajaniona maishani. Akaletwa mkubwa wa pale, mzee mpole wa miwani na tai, akasema jambo ni rahisi, kama kuna maziwa ndani nifungue yaonjwe, niende zangu. Rahisi kwake. Nikamweleza kiapo, nikamwambia afadhali anifunge, lakini Kiprono atakunywa kwanza. Askari akacheka, wazungu wakasogea karibu, nami nikakikumbatia kile kibuyu nikilia.

Lakini maziwa hayo yalikuwa yametikiswa na gari la moshi usiku kucha na kupashwa joto chini ya koti asubuhi yote. Mfuniko ukaruka wenyewe, pu, na mursik ikamvaa yule mzee kwenye miwani, kwenye tai na mdomoni. Akajilamba kidogo.

"Ni maziwa," akasema. "Mwache mama."

Jioni Kiprono alikunywa yaliyobaki pale uwanja wa ndege, akalia kama mtoto, nami sikuweza kumtazama usoni, kwa sababu mdomo wa kwanza ulishapita.

Tuliporudi Merigi nikamwambia Kogo yote, nikingoja anitoe nyumbani kwake.

"Na vile vitano," akauliza, "vilikuwa na maziwa?"

"Vilikuwa vitupu, Kogo."

"Tangu lini?"

"Askari alisema tangu mkoloni."

Kogo akashika kichwa. "Na wenyewe walienda wapi?"

Hakuuliza kamwe habari za yule mzee wa miwani. Aliinuka na magoti yake mabovu, akasugua kibuyu, akakitia mkaa na kukijaza maziwa ya jioni yote, sisi tukanywa chai ya rangi.

Siku hizi kibuyu ni changu. Nyumba ya makumbusho nitaingia tena, hata kesho, lakini koti nitaacha wazi. Na kibuyu hakijalala kitupu hata siku moja.